Jibu la Jana Mezani pa Leo: Takwimu za Afya za Koboko na Akiba Zake

Koboko, mji ulio pembeni kabisa mwa kaskazini-magharibi ya Uganda, mahali ambapo mipaka ya nchi tatu hukutana na ambapo mnunuzi aweza kusikia Kikakwa, Kilugbara, Kilingala, Kiarabu cha Juba na Kiswahili kabla hajapimiwa kilo moja ya sukari, haukupata sifa yake kwa mambo ya kompyuta; sifa yake ni malori yaelekeayo Oraba ili yavuke kuingia Kaya katika Sudan Kusini, ni soko lake, na ni jina la Idi Amin, ambalo wageni hulitaja hata pasipo haja. Walakini liko jambo moja la kompyuta ambalo watunzaji wa takwimu za afya katika wilaya kama hii hulijua kwa mazoea ya kila mwezi, na ambalo aghalabu hawaelezwi sababu yake. Mtu huketi alasiri akaingiza hesabu za kituo cha afya, tarakimu kwa tarakimu, akabonyeza kitufe cha kumalizia, kisha akafungua chati ya wilaya ili aione kazi ya mikono yake, asiione. Chati iko vile vile ilivyokuwa asubuhi. Wako watakaosema sistemu imezimeza data, na wako watakaosema netiweki haipo. Naye akirudi kesho yake, chai haijapoa kikombeni, huzikuta hesabu zake zimetulia mahali pake kana kwamba zilikuwapo tangu awali.

Hakuna kilichomezwa, wala mtandao hauna lawama. Alichokiona alasiri ile ni jibu lililotayarishwa usiku uliotangulia na kuwekwa akiba, kwa sababu kulitayarisha upya kila linapoulizwa kungegharimu muda ambao mwulizaji hana na nguvu ambazo mashine haina. Mafundi huiita akiba hiyo kashe. Fani yenyewe ni kongwe kwa kadiri ya umri wa kompyuta: Maurice Wilkes wa Cambridge aliandika mwaka 1965 juu ya kumbukumbu ndogo yenye kasi iwekwayo mbele ya kumbukumbu kubwa iliyo nzito, na mwaka 2003 Mmarekani Brad Fitzpatrick, aliyekuwa akiendesha tovuti ya shajara iitwayo LiveJournal na kuona hifadhidata yake ikielemewa na wasomaji, akaunda programu ya memcached ili kurasa zilizokwisha kutayarishwa zikae tayari katika kumbukumbu za mashine. Leo hakuna tovuti kubwa iishiyo bila ya hila ya namna hiyo. Nimechagua kuitazama katika daftari la afya la wilaya ya mpakani kwa kuwa hapa, kuliko katika tovuti ya mazungumzo au ya biashara, hukumu ya nani apewe jibu la jana na nani apewe la sasa hivi ina uzito ambao hautakiwi kuachiwa fundi peke yake.

Daftari hilo ni DHIS2, mfumo wa takwimu za afya ambao Wizara ya Afya ya Uganda iliueneza nchi nzima mwaka 2012. Chimbuko lake ni Afrika Kusini, katika miaka ya mwanzo baada ya uchaguzi wa 1994, wakati watafiti na watumishi wa afya wa Cape Town walipotaka wilaya zilizokuwa zimegawanywa kwa rangi za watu zihesabiwe kwa hesabu moja. Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway kiliilea kazi hiyo, na baadaye kikaijenga upya kwa sura ya tovuti. Zanzibar iliutumia mfumo huu katika umbo lake la zamani tangu katikati ya miaka ya 2000. Mwaka 2011 Kenya ikauweka katika seva moja ya kati na kuzifungulia wilaya zake zote mlango wa intaneti, jambo ambalo lilionekana ni ujasiri mkubwa wakati ule, maana kabla ya hapo kila wilaya ilikuwa na kompyuta yake na faili lake, na ripoti ilisafiri kwa karatasi au kwa flashi iliyotiwa mfukoni mwa dereva. Fadhila ya seva moja ni kwamba Koboko na Kampala husoma ukurasa mmoja. Taksiri yake ni kwamba wote husubiri katika mlango mmoja.

Hebu tuifuate tarakimu moja. Mhudumu wa kituo cha afya huandika wagonjwa katika rejista kwa kalamu, kila mgonjwa mstari wake. Mwezi ukiisha huihesabu mistari kwa vijiti, vitano vitano, katika karatasi ya kujumlishia, kisha huhamisha jumla hizo katika fomu ya HMIS 105, ambayo ndiyo ripoti ya mwezi ya wagonjwa wa nje, ilhali waliolazwa huandikwa katika HMIS 108. Fomu hupandishwa bodaboda hadi ofisi ya afya ya wilaya. Hapo mtakwimu, au karani amsaidiaye, huziingiza tarakimu katika visanduku vya fomu iliyo katika kompyuta, na seva huko iliko hupokea kila kisanduku kuwa ni mstari mmoja: kituo fulani, mwezi fulani, maradhi fulani, rika fulani na jinsia fulani, idadi fulani. Ripoti hii hutarajiwa iwe imeingia kabla ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Ile ya kila wiki, yenye magonjwa ya kuangaliwa kwa hadhari na iitwayo 033b, kwa miaka mingi imekuwa ikitumwa kwa ujumbe mfupi wa simu kwa njia ya mTrac.

Mstari mmoja hauna uzito. Uzito huja pale mkubwa wa Kampala, au mtakwimu yule yule wa Koboko, anapouliza swali lenye umbo la kawaida kabisa: malaria ya West Nile nzima, eneo ambalo Koboko ni sehemu yake, mwezi kwa mwezi, kwa miezi 12 iliyopita, wilaya kwa wilaya. Ili kulijibu sharti mashine itafute kila mstari wa malaria katika mamilioni ya mistari ya nchi yenye wilaya zaidi ya 130, itambue kila kituo kiko katika kata gani, wilaya gani na mkoa gani, itenge miezi, kisha ijumlishe. Swali la namna hiyo likiulizwa juu ya mistari mibichi laweza kushika dakika nzima na zaidi, na dashibodi moja haina chati moja. Yaweza kuwa nazo kumi, zote zikiuliza kwa pamoja mara ukurasa ufunguliwapo.

Kwa hiyo waandishi wa DHIS2 waliamua tangu mapema kwamba mistari mibichi isiulizwe maswali. Usiku, watu wakiwa wamelala, programu huisoma hifadhidata na kuandika majedwali mengine mapya, kila mwaka sehemu yake, ambamo kila mstari umekwisha kubandikwa jina la kituo, la wilaya, la mkoa, la mwezi, la robo ya mwaka na la mwaka, hata mwulizaji ajapo asubuhi kazi iliyo nzito imekwisha kufanywa na kilichobaki ni kupakua. Chati na ripoti husoma majedwali haya, hazisomi mistari mibichi. Na hapa ndipo lilipo fumbo la karani wetu wa alasiri: tarakimu zake ziliingia salama katika hifadhidata saa ile ile, ila majedwali yaliyoandikwa usiku wa jana hayakuwa na habari nazo. Wali wa kiporo hauna aibu kwa mlaji ajuaye kuwa ni kiporo; lawama ni ya mwenye kukipasha moto na kukiuza kwa jina la wali wa sasa hivi.

Juu ya akiba hiyo ya usiku mfumo huweka ya pili, iliyo nyepesi zaidi. Jibu la chati likishapatikana, seva hulishika kwa muda ili mtu wa pili akiuliza lile lile asisababishe hesabu kufanywa tena, na msimamizi huchagua muda huo katika orodha fupi: hakuna kushika kabisa, dakika moja, dakika chache, saa moja, hadi saa kumi na mbili asubuhi ya kesho, au wiki mbili. Nakiri kuipenda ile ya saa kumi na mbili asubuhi. Ni chaguo la mtu aijuaye ofisi, aliyetambua kwamba maadamu majedwali huandikwa upya usiku hakuna faida ya jibu kuishi zaidi ya alfajiri wala sababu ya kulitupa kabla yake. Ina upungufu wake, kwamba majibu yote hufa kwa wakati mmoja, na mtu wa kwanza kufungua dashibodi saa mbili, aghalabu yule mwenye bidii kuliko wenzake, hulipia kwa kusubiri kwake wepesi watakaoupata wote wajao nyuma yake.

Lipo na chaguo jingine lililo na busara zaidi, ambalo huupima muda wa akiba kwa umri wa data yenyewe. Malaria ndiyo iufanyayo uzuri wake uonekane. Wataalamu wa Uganda huilinganisha idadi ya wagonjwa wa wiki hii na wiki kama hii katika miaka mitano iliyopita, wakachora mfereji wa kawaida, na hesabu ikiupanda ukingo wa juu wa mfereji huwa ni dalili ya mlipuko. Kuchora mfereji ule ni kazi nzito, kwa kuwa hutaka wiki zote za miaka mitano; lakini karibu kazi yote hiyo ni ya data kongwe, ambayo haitarajiwi kuguswa, ilhali kitu pekee kinachotembea ni nukta ya wiki hii. Basi mfereji waweza kushikwa siku nyingi na nukta ikashikwa dakika chache. Fundi ayashikaye yote mawili kwa muda mmoja, ama huipa mashine kazi ya bure, ama humficha daktari nukta aliyoijia.

Katika miji mikubwa ya Ulaya akiba hutazamwa zaidi kuwa ni njia ya kupunguza gharama ya mashine. Koboko ina sababu ya ziada, nayo ni umbali. Kabla ya nyaya za baharini kufika Mombasa mwaka 2009, Uganda ilizungumza na dunia kwa satelaiti, na kila ukurasa ulipanda mbinguni ukashuka. Mkongo wa taifa ulitangulia kusini na katikati ya nchi, ukaja Arua, Koboko, Yumbe na Moyo baadaye, kwa mradi wa NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Umeme nao: West Nile yote iliishi nje ya gridi ya taifa, ikitegemea kituo kidogo cha nguvu za maji cha Nyagak chenye megawati 3.5, kilichoanza kazi mwaka 2012, pamoja na jenereta za mafuta, mpaka njia kuu ya umeme ilipoifikia Arua mwaka 2024. Mtu aliyefanya kazi katika hali hizo hahitaji kuhubiriwa faida ya kuwa na jibu karibu. Filamu fupi aitazamayo kijana wa Koboko katika simu yake leo yaweza isitoke Ulaya wala Marekani. Yaweza kutoka Kampala, ambako watoa huduma hubadilishana mawasiliano katika kituo cha UIXP kilichoanzishwa mwaka 2001, na ambako kampuni kama Google zimeweka seva za akiba ili vitu vipendwavyo na wengi visivushwe baharini kila mara.

Iko na akiba ya tatu, iliyo ndani ya kivinjari cha karani mwenyewe, nayo hufanya kazi kinyume cha zile mbili. Hiyo haishiki majibu ya seva. Hushika maneno ya karani. Netiweki ikikatika katikati ya fomu, tarakimu alizokwisha kuziandika huhifadhiwa katika kompyuta yake, na mawasiliano yakirudi huombwa azipeleke. Kwa Kenya na Uganda, mfumo wa seva moja usingalifaulu bila ya hila hii. Ila kuna balaa ndogo ambayo makarani wenye uzoefu huwaonya wapya wao: akijitokeza fundi wa mtaani akasema kompyuta ni nzito, akafuta historia na kumbukumbu zote za kivinjari kabla tarakimu hazijapelekwa, amefuta na ripoti. Akiba ya majibu ikifutwa hakuna kinachopotea, kwa kuwa asili ipo. Akiba ya kivinjari yaweza kuwa ndiyo asili.

Nimesema data kongwe haitarajiwi kuguswa. Katika West Nile kauli hiyo ina walakini mkubwa, na ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana ni jambo ambalo vitabu vya mafundi hulipita kwa haraka. Koboko yenyewe ilikuwa sehemu ya Arua mpaka mwaka 2005. Maracha nayo ikajitenga. Madi-Okollo ikawa wilaya Julai 2019. Na tarehe 1 Julai 2020, kwa siku moja, Arua ikapata hadhi ya jiji na Terego ikawa wilaya. Kila mgawanyo wa namna hii huchukua vituo vya afya kutoka chini ya mzazi mmoja na kuviweka chini ya mwingine. DHIS2 ina mti mmoja tu wa uongozi, ule wa leo. Haukumbuki kwamba kituo hiki mwaka 2018 kilikuwa cha wilaya ile. Kituo kikihamishwa katika mti, huhama pamoja na maisha yake yote ya nyuma, na usiku majedwali yatakapoandikwa upya, wagonjwa waliotibiwa mwaka 2018 huamka wakiwa ni wa wilaya ambayo mwaka 2018 haikuwapo.

Tazama basi matokeo yake. Chati ya malaria ya wilaya ya Arua kwa mwaka 2018, iliyochapishwa kabla ya mgawanyo, na chati yenye kichwa kile kile iliyochapishwa baadaye, zitatofautiana sana, pasipo mgonjwa hata mmoja kuongezwa wala kupunguzwa. Mwenye akiba ya wiki mbili atakuwa akisoma Arua iliyokwisha kuvunjwa, mwenzake wa chumba cha pili akisoma Arua mpya, na kila mmoja ataapa kuwa mwenzake amekosea. Mfereji wa miaka mitano nao utakuwa umechorwa kwa watu wa wilaya kubwa, na nukta ya wiki hii kutoka wilaya ndogo itaonekana iko chini sana, salama salimini, hata kama malaria inachachamaa. Ni kosa baya kwa sababu hufanana na habari njema. Muda wa akiba pekee haulitibu. Dawa yake ni amri, kwamba siku mti wa uongozi ukiguswa akiba yote itupwe, hata ile ya miaka ya kale, na majedwali yaandikwe upya kabla mtu hajaruhusiwa kuuliza.

Kuna habari ambazo hazistahili akiba ya aina yoyote. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 mashariki ya Kongo, na ambao haukutangazwa kwisha hadi Juni 2020, ulikuwa umeua zaidi ya watu 2,200. Katikati ya mwaka 2019 mgonjwa alithibitishwa Ariwara, mji wa soko wa upande wa Kongo ambao wafanyabiashara wa Arua na Koboko huuendea kama waendavyo sokoni kwao, kwa kuwa mpaka uko karibu na jamaa wako pande zote mbili. Katika siku kama zile, mtu mwenye homa na damu akionekana katika kituo cha mpakani, jibu liwezalo kusubiri hadi saa kumi na mbili asubuhi ni sawa na jibu lisilokuwapo. Kwa insafu, hakuna aliyekusudia chati za usiku zifanye kazi hiyo. Taarifa za magonjwa ya hatari hupita kwa simu na kwa ujumbe, siku ile ile. Matoleo ya karibuni ya DHIS2 pia yameongeza njia ya kati, ambayo majedwali yote huandikwa mara moja kwa siku, kisha mabadiliko ya karibuni peke yake huongezwa kila baada ya dakika chache. Lakini nimewahi kusikia kauli ya “mbona dashibodi haionyeshi kitu” ikitolewa kama ushahidi kwamba kitu hakipo, na hofu yangu kubwa juu ya akiba iko katika kauli hiyo.

Tarehe 15 ina hatari yake. Siku hiyo na mkesha wake makarani wa nchi nzima huwa wameketi mbele ya mfumo mmoja, wengine wakiingiza, wengine wakikagua nani hajaingiza. Jibu lenye kuulizwa na mamia likifa katika saa hiyo, na mamia hao wakaliuliza kabla mmoja wao hajajibiwa, mashine hufanya hesabu ile ile nzito mara mamia kwa pamoja, ikazidi kuelemewa, na kadiri ielemewavyo ndivyo watu wabonyezavyo tena. Facebook ilipatwa na janga la ukoo huu tarehe 23 Septemba 2010: thamani moja ya mpangilio ilikuwa na kosa, kila mashine ikaiona ni mbovu, ikaifuta katika akiba na kukimbilia hifadhidata kuirekebisha, na hifadhidata ikazidiwa kwa maombi ya mamia ya maelfu kwa sekunde, hata wahandisi wake wakalazimika kuifunga tovuti kwa muda ili mashine zipumue, na watu wengi wakaikosa kwa kama saa mbili na nusu. Tiba inajulikana na si ghali. Mmoja aachiwe kuhesabu na wenzake wasubiri, au wapewe jibu lililopitwa na wakati kidogo huku jipya likitayarishwa nyuma ya pazia. Majibu nayo yasipangiwe kufa kwa wakati mmoja.

Juu ya siri za watu sitasema mengi, kwa kuwa sheria yake ni nyepesi kuieleza. Siku ya Krismasi ya mwaka 2015 duka la michezo ya kompyuta la Steam lilishambuliwa kwa wingi wa maombi, na katika kujikinga, mpangilio mmoja mbaya wa akiba ukawafanya wateja waonyeshwe kurasa zilizotayarishwa kwa wateja wengine, pamoja na anwani zao. Kampuni ilisema watu kama 34,000 huenda waliguswa. Ukurasa uliotayarishwa kwa jina la mtu mmoja usiwekwe katika akiba ya watu wote. DHIS2 humwachia msimamizi kuchagua kama majibu yaweza kushikwa na seva za njiani au na kivinjari cha mwulizaji tu, na pale mfumo unapotunza mgonjwa mmoja mmoja, kama ilivyo kwa huduma za virusi vya Ukimwi, sioni hoja yoyote ya kuchagua la kwanza. Katika mji ambao kila mtu anamjua kila mtu, na kompyuta moja ya ofisi hutumiwa na watu watano, hata lile la pili lataka karani afunge akaunti yake kila anapoinuka kitini.

Hukumu yangu juu ya jambo lote hili haina ukali kwa mafundi. Kuandaa jibu usiku na kuligawa mchana ni uamuzi sahihi, na pasipo huo ofisi ya Koboko ingekaa mbele ya gurudumu linalozunguka katika kioo mpaka betri iishe. Muda wa kushika jibu nao hauna kipimo kimoja kwa vitu vyote. Wapaswa kupimwa kwa madhara yatakayompata mtu akilichukua jibu la jana kuwa ni la leo, na mwenye kuyajua madhara hayo ni mganga wa wilaya na mtakwimu wake, ambao aghalabu hawaulizwi mfumo unapopangwa. Kosa ninaloliona liko kwingine, nalo ni dogo kwa kulitazama. DHIS2 huiweka kumbukumbu ya saa ambayo majedwali yaliandikwa kwa mara ya mwisho. Saa hiyo ipo, ni ya kweli, na yeyote aweza kuisoma. Ila imewekwa katika ukurasa wa maelezo juu ya mfumo, pamoja na namba ya toleo na mambo mengine ya kifundi, ukurasa ambao karani hana haja ya kuufungua mwaka mzima. Chati yenyewe, ile ichapishwayo ikabandikwa ukutani na kupelekwa katika kikao cha madiwani, hutoka ikiwa na kichwa, rangi na jina la wilaya, na haisemi iliandaliwa lini.

Basi wenye mamlaka ya kuupanga mfumo huu katika wizara, na wahisani waugharimiao, na waitishe jambo hilo moja: saa ya kuandaliwa iandikwe chini ya kila chati, kwa herufi zisomekazo, katika kioo na katika karatasi. Mpaka hapo litakapofanyika, wewe mtakwimu wa wilaya uliye Koboko, Yumbe, Adjumani au penginepo, ufungue ukurasa ule wa maelezo kabla ya kila kikao, uinakili saa uliyoikuta, na uiandike kwa kalamu pembeni mwa karatasi utakayoigawa.